Na Aliyeinunua

Mimi si mwoga, na yeyote aliyewahi kugombana nami pale Kibokoni atakwambia hivyo. Lakini kuna wiki moja, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, niliyoishi kwa hofu mpaka nikawa naogopa hata kugeuka kitandani. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka, moja ya miezi mitatu na nyingine ya miezi mitano, na hiyo ya pili nilikuwa nimeshaichagulia jina. Kwa hivyo hii ya tatu niliibeba kama mtu anayeshuka ngazi na sinia la vikombe.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Duka letu lilikuwa kichochoroni, chumba kimoja chenye pangaboi na viti vitatu. Zamani tulikuwa na taipu mbili tu, halafu mwenye duka akaleta kompyuta na kile kidude cha kuunganisha na waya wa simu, kinacholia kama paka aliyebanwa na mlango. Basi watu wa mtaani wakawa wanakuja kwangu kutuma barua kwa watoto wao walioko Dubai, Maskati na Uingereza. Wao wanasema, mimi naandika. Jibu likija nalichapisha kwenye karatasi, nalikunja, namngoja mwenyewe aje alichukue. Siri za nusu ya mtaa nilizijua, na za nusu iliyobaki nilizikisia.

Katika barua hizo ilikuwako moja ya pamoja. Ukiandika wewe mmoja, wanaisoma wote, walioko ng'ambo na walioko hapa. Watu walipeana habari za harusi na misiba, wakabishana mwezi umeandama au haujaandama, na mwishowe wakaanza kuuziana vitu. Siku moja nikaona mtu ameandika kwamba amekuja likizo kutoka Dubai, ana simu ya mkono, haijatumika sana, anaiuza kwa haraka kabla hajarudi.

Simu za mkono wakati ule zilikuwa za kuhesabika. Ukimwona mtu ameishika, ujue ana meli, ana hoteli, au ana kimbelembele. Mimi simu sikuitaka. Ila kulikuwa na mama mmoja wa Kizingo, mke wa mkubwa fulani, aliyekuwa akija kuchapishiwa barua zake, na mara mbili aliniambia nikisikia simu inauzwa nimwambie. Nikapiga hesabu yangu upesi: nitainunua kwa akiba niliyokuwa nimeiweka ya kujifungulia, nimuuzie yeye, na faida itanifikisha kwenye hospitali nzuri, si kule nilikopoteza wale wawili. Mume wangu, aliyekuwa mwendesha winchi bandarini Mbaraki, sikumwambia. Angesema tufikiri kwanza, na mimi mtu akiniambia tufikiri kwanza hunipanda hasira.

Muuzaji nilimjibu, naye akaja dukani Jumatatu alasiri. Kijana wa makamo, kanzu imepigwa pasi, kofia safi, ananukia udi. Akatoa salamu kamili, si zile za kukatakata. Akauliza hali yangu, hali ya mume wangu, hali ya wazee. Nikamwambia mama yupo, baba ameshatangulia. Akainua mikono, akamsomea babangu Fatiha pale pale amesimama.

Sasa niambieni nyinyi. Mtu amemsomea babako Fatiha, utafungua mdomo umwambie, "Risiti iko wapi?" Niliona haya. Wallahi niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoniponza. Alisema boksi na chaja viko kwa mamake, ataniletea kesho inshallah. Nikasema inshallah. Nikampa pesa kwa mikono miwili, akanishukuru, akanitakia nijifungue salama, akaenda zake. Nyumbani kwao ni wapi, sikumuuliza. Mtu mwenye adabu zile, nilijiambia, kwao hakukosi kujulikana.

Kesho yake hakuja. Aliyekuja, kiasi cha saa tatu asubuhi, ni mzee mmoja mfanyabiashara wa tende na viungo, niliyemjua kwa sura tu. Alikuwa amefura. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka, akakaa kwenye kiti kilichonielekea.

"Nataka tangazo, mwanangu," akasema. "Nakala ishirini, nizibandike misikitini. Na uliingize na humo ndani ya kompyuta, wasome na walio mbali."

"Tangazo la nini, mzee wangu?"

"La simu yangu. Imeibiwa wiki iliyopita. Tena ndani ya msikiti! Nimelivua koti nitawadhe, kurudi koti lipo, simu haipo. Mtu anaiba ndani ya nyumba ya Mungu, na mimi nimesimama naosha miguu!"

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, simu yenyewe ina alama gani, maana tangazo hutaka alama.

"Nyeusi. Nyuma ina doa la rangi ya kucha, jekundu. Mke wangu alilitia, isije ikachanganyika na za wenzangu."

Doa hilo nililiona tangu jana. Nilidhani ni mapambo. Mkoba wangu ulikuwa chini ya meza, kati ya miguu yangu, na simu ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwenye leso. Nilibana magoti.

Mzee akaanza kusema, nami nikawa naandika. Akasema simu imeibiwa, mahali fulani, siku fulani. Halafu akasema: "Andika. Aliyeiiba, na aliyeificha, na aliyeinunua, na anayejua ilipo akanyamaza, airudishe kabla ya Ijumaa. Ijumaa baada ya Alasiri inasomwa Badiri. Na asije mtu akanilaumu kwa litakalomfika yeye na kizazi chake."

Kwa asiyejua, Badiri ni kisomo. Watu hukutanika, hutiwa udi, yakasomwa majina ya wale waliopigana vita vya Badri, kisha mwizi akaombewa yamfike yanayomstahili. Wako masheikh wanaosema si vizuri kuapiza watu hivyo, na wako wanaosoma. Lakini mtaani kwetu hata huyo anayesema si vizuri, akisikia Badiri inasomwa, hupekua mifuko yake kwanza. Tangu utotoni nilisikia habari za fulani aliyevimba tumbo, na fulani aliyepatwa na wazimu akawa anatembea barabarani akitaja alichoiba. Tumbo langu mimi lilikuwa limeshavimba, na ndani mlikuwa na mtu.

Nikawa napiga herufi mbili mbili, nafuta, napiga tena. Nikafika penye "na aliyeinunua," nikaruka. Niliruka kusudi, nisiwaongopee. Nilijiambia kama halimo kwenye karatasi, pengine halitasomwa. Nikachapisha, nikampa.

Mzee akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza akawa anasoma taratibu, neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kidole kikashuka. Kikasimama.

"Umeruka hapa, mwanangu."

"Wapi, mzee wangu?"

"Na aliyeinunua. Mbona humtaji? Huyo ndiye mbaya kuliko wote. Wangekuwa hawanunui, hawa wangeiba wamuuzie nani?"

Nikaliandika. Herufi kumi na moja, nikazipiga moja moja huku mtoto ananipiga mateke ubavuni, nami nikijiapiza kwa mikono yangu mwenyewe na kulipwa kwa kazi hiyo. Nikachapisha nakala ishirini. Mzee aliniombea heri akaondoka nazo kwapani.

Mtasema, si ungempa simu yake pale pale? Nami nimejiuliza miaka yote hii. Naam, ningempa. Lakini mngemwona alivyokuwa! Ningeitoa simu mkobani, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja, na kabla ya Adhuhuri ningekuwa mimi ndiye mwizi wa msikitini. Nani angeamini habari ya kijana wa kanzu? Sina karatasi, sina boksi, sina jina. Na polisi nao hawana kesi mbili mbili. Aliyekutwa nayo ndiye. Nikajiona niko rumande na tumbo langu, nalala juu ya saruji.

Jumatano nilimwandikia yule kijana, nikamsihi, nikamtukana, nikamsihi tena. Barua zote tatu zilirudi, anwani haipo. Pale ndipo nilipofahamu kwamba hata ile Fatiha ilikuwa sehemu ya bei. Nilikasirika mpaka nikalia. Hayawani yule! Babangu kaburini amechezewa, na mimi niliitikia amin.

Usiku nilikuwa silali. Najishika tumbo nangoja acheze. Akikawia kucheza namtikisa, akicheza sana nasema ndiyo hayo yameanza. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia kiungulia. Aliniletea maziwa, maskini, akakaa kando yangu mpaka nikayamaliza.

Alhamisi nikafanya jambo ambalo nalionea aibu kuliko la kununua. Niliwaza hivi: Badiri itamfuata mwenye simu. Nikiwa nimeshaiuza, mwenye simu si mimi. Astaghfirullah! Lakini ndivyo nilivyowaza, na nilipopata wazo hilo nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nikaomba ruhusa kazini mchana, nikaenda Kizingo kwa yule mama.

Nyumba yake ilikuwa kubwa, ina ua wa majani yaliyokatwa sawasawa na bawabu langoni. Mama mwenyewe alitoka barazani, akanikaribisha kiti, akafurahi kuniona. Nikaitoa simu kwenye leso. Akaigeuza geuza. Mtoto wake wa kike, wa miaka kama mitatu, akaja akamwegemea gotini, akataka kuishika.

"Nzuri," mama akasema. "Umeipata wapi?"

Hivyo tu. Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Na boksi lake? Karatasi ya duka?"

Nikafungua mdomo. Na yaliyokuwa yanataka kutoka, naapa, yalikuwa yale yale: boksi na chaja viko kwa mama, nitakuletea kesho inshallah. Yalikuwa yamepangika ulimini tayari, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya adabu. Yule mtoto alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono kwenye lile doa jekundu akalikwaruza kwa ukucha.

"Usiiguse!" nikapiga kelele.

Mtoto akaangua kilio, mama akaduwaa. Nikamnyang'anya simu, ndiyo, nilimnyang'anya mke wa mkubwa simu nyumbani kwake, nikasema samahani mama, hii si ya kuuza, nimekosea. Nikatoka mbio nikishika tumbo, bawabu ananitazama. Nilitembea kutoka Kizingo mpaka Ganjoni bila kujua nakwenda wapi, jua linanipiga, na misikiti yote njiani inaadhini Alasiri. Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta nikajiambia: bado siku moja. Kesho, kabla ya Alasiri, nitampelekea mwenyewe, na waseme watakavyosema.

Usiku huo nilimwambia mume wangu yote. Sikumficha hata habari ya Kizingo. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakusema tungefikiri kwanza. Alisema, "Nitakwenda nawe." Nikakataa. Niliyeinunua ni mimi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini baada ya swala ya Jumaa, nikavaa buibui langu nikaenda. Nyumba ya mzee ni ya zamani, mlango wa kuchonga, ngazi zimesimama wima. Mkewe ndiye aliyenifungulia. Kuona tumbo akanishika mkono. "Pita, mwanangu, pita. Usisimame na hali hiyo." Akanikalisha juu ya mkeka, akaniletea maji ya baridi. Nilishindwa kuyanywa. Nilimwambia nina haja na mzee.

Mzee akaja, bado na kanzu ya Ijumaa, akanitambua. "Ah, ni yule wetu wa kompyuta. Kuna jibu?"

Nikaifungua leso, nikaiweka simu juu ya mkeka, doa liko juu.

Nikasema yote kwa pumzi moja kabla sijapoteza ujasiri: kijana, kanzu, Fatiha, mkoba chini ya meza, neno nililoliruka. "Mimi ndiye niliyeinunua, mzee wangu. Sikujua, na nilipojua nikaogopa. Nimekuja kabla ya Alasiri. Ichukue, na unisamehe, usinisomee. Nimeshapoteza wawili."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi. Mzee hakuitazama simu. Alikuwa anatazama tumbo langu, na uso ukamgeuka rangi.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Saba."

Akamtazama mkewe. Mkewe akaweka mkono kinywani.

"Tumeshasoma," mzee akasema. "Jana. Sheikh alikuwa na safari ya Lamu leo, tukaitanguliza. Tumesoma jana, baada ya Alasiri."

Sijui nilifanya nini. Mkewe aliniambia baadaye kwamba sikulia wala sikusema, nilijikunja tu juu ya tumbo langu nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyeweza kuniinua. Ninachokumbuka ni maua ya mkeka, karibu sana na macho yangu. Jana baada ya Alasiri. Wakati ule nilikuwa nimesimama kivulini najiambia bado siku moja.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Mtu mzima yule, wa heshima zake. "Sikiza, mwanangu," alikuwa akisema. "Sikiza. Mimi sikujua. Nilisema aliyeinunua, nikadhani ni mtu... nikadhani ni mtu." Sauti ilikuwa inamtetemeka, na hapo nikafahamu kwamba anaogopa. Alikuwa anaogopa kama mimi, na kuogopa kwake kulinitisha zaidi kuliko hasira yake yote ya Jumanne. Ningetaka aniambie ni upuuzi. Hakusema ni upuuzi.

Alisimama akatoka bila viatu. Tulimsikia anateremka ngazi, kisha anaita majina kichochoroni. Haikupita nusu saa wakawa wamekusanyika, wale wale wa jana isipokuwa sheikh, wanaume tisa au kumi. Mimi na mkewe tulikaa upande wa pili wa pazia. Nilimsikia anawaambia, hakujificha, "Jana tulimwombea mtu shari, na mtu mwenyewe yuko nyuma ya pazia hili, ana mimba na hana kosa. Kosa ni langu. Leo tumwombee heri, na msiondoke mpaka niseme basi." Wakasoma. Wakasoma mpaka Alasiri ikafika, wakasali pale pale, wakasoma tena. Mkewe alikuwa ameweka kiganja chake tumboni mwangu muda wote huo, na kila mtoto alipocheza aliitikia amin kwa sauti ya juu.

Je, kisomo kikishasomwa kinafutika? Nilimuuliza mzee, na akaniambia inshallah. Hakuna aliyeniahidi zaidi ya hapo. Miezi miwili iliyofuata sitaki hata kuielezea. Kila maumivu ya kiuno nilijua ndiyo. Mkewe alinijia kila siku na uji wa pilipili manga, na mzee alikuwa akipita dukani asubuhi, anasimama mlangoni, haingii. "Vipi?" anauliza. "Yuwacheza," namjibu. Anatikisa kichwa anakwenda zake. Mwenye duka akawa anadhani mzee ameharibikiwa akili.

Nilijifungua hospitali ile ile niliyokuwa nikiikimbia, maana akiba ilikuwa imekwenda na kijana wa kanzu. Msichana. Alikawia kulia, na katika kukawia kule mimi nilikufa na nikafufuka. Kisha akalia.

Siku ya saba mzee akaja na mkewe. Mkewe alipanda moja kwa moja, mzee akabaki chini ngazini. Mume wangu akamwita, naye akajibu kwamba anapumzika kwanza. Akamwita tena. Mwishowe alipanda taratibu, akasimama mlangoni mwa chumba ameshika kofia mkononi, akaniuliza kama mtoto ni mzima. Nikamwambia mzima, mzee wangu, karibu. Hakukaa. Akaja mpaka kitandani, akaifungua nguo aliyofungiwa mtoto, pole pole, kwa vidole vya mtu aliyezoea kupima zafarani. Akamhesabu vidole vya mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akafunua miguu, akahesabu na huko, kimoja kimoja, midomo inamcheza. Na mimi, niliyekuwa nimeshavihesabu tangu siku ya kwanza mara zisizo idadi, nikavihesabu tena pamoja naye.